Kisanduku cha Jina

Derick alipokuja ofisini kwetu Daraja Mbili, Arusha, mara ya kwanza, alikataa chai. Ningekuwa na akili siku hiyo ningejua pale pale kwamba huyu mtu ana kasoro. Alikuwa kavaa shati la kubana, kabeba kompyuta iliyobandikwa stika mpaka rangi yake haijulikani. Akaniangalia mimi, akaangalia meza yangu, akaangalia pangaboi lililoharibika, akasema, "Kwa hiyo hapa ndipo mnapotengenezea maudhui." Nikamwambia hapa tunaandika habari. Akatabasamu, lile tabasamu la kumwonea mtu huruma kabla hujamjua.

Mimi naitwa Zamda, lakini hilo jina liko kwenye kitambulisho tu. Toka Daraja Mbili mpaka Kijenge ukimtafuta Zamda utazunguka hadi jioni. Mtafute Mama Salwa, utaletwa mpaka mlangoni. Salwa ni binti yangu wa kwanza, na tangu nimzae, Zamda nikamwacha huko huko hospitali. Ndivyo tulivyo huku, awe Mwislamu, awe Mlutheri, awe Mmeru au Mchaga: mwanamke akishazaa anaitwa kwa mtoto wake, habari imeisha. Nilimweleza Derick hivyo. Akasema yeye anaheshimu watu kwa majina yao halisi, na kuanzia siku hiyo akawa ananiita "Madam Zamda". Kijana mwenye umri wa kuzaliwa na mimi, shikamoo hajui, lakini madam anaijua.

Blogu yetu inaitwa Kibaraza cha Meru. Mwenye nayo ni Ludovick, yule wa duka la vifaa vya ujenzi hapo chini. Aliianzisha ili atangaze mabati, na mabati hakuna aliyeyasoma. Watu walisoma nilichoandika mimi: nani kafiwa, nani anaozesha, mvua imefika wapi, barabara ya Usa River inapitika au imejaa matope. Tanzia ndizo zilizotuweka mjini. Mtu alikuwa anakuja, anakaa kwenye kiti, ananisimulia, na mimi naandika kama anavyosema, kuanzia ukoo mpaka kona ya kuingilia msibani. Watu walioko Mwanza, Mbeya, mpaka Ulaya, walikuwa wanafungua Kibaraza kila asubuhi kuangalia kama kwao ni salama.

Basi Ludovick akaenda semina hotelini, akala chakula cha bure, akarudi na Derick.

"Maudhui yenu hayana muundo," Derick akatuambia, kasimama katikati ya chumba kana kwamba tuko mia. "Mnaandika aya ndefu tu. Mashine haielewi aya. Mashine inaelewa visanduku." Akaenda akaibomoa sehemu yangu ya kuandikia, akaweka visanduku: aina ya tukio, cheo, jina, mahali, tarehe, picha. Kila kisanduku na mlango wake. Mtu kafa, wewe unajaza visanduku kama unaomba mkopo.

Halafu akaunganisha. Hilo neno alilipenda kuliko mama yake. Aliunganisha huduma ya ramani, ikaonyesha msiba uliko hata kama ni jirani yako. Akaunganisha hali ya hewa, kwa hiyo chini ya tanzia unasoma leo kutakuwa na jua la kupendeza. Akaunganisha huduma ya kutuma ujumbe wa simu kwa kila aliyejiandikisha, na nyingine ya kutupa habari kwenye magrupu yote ya wasapu, na nyingine ya kujitafutia picha kwenye habari zetu za zamani kwa kufuata jina. "Unabonyeza mara moja, Madam Zamda, dunia nzima inajua." Ludovick akapiga makofi. Mtu mzima na upara wake anapiga makofi.

Kilichoniuma zaidi ni maoni. Chini ya kila habari watu walikuwa wanaandika maoni yao, wanasalimiana, wanatukanana kidogo, wanapeana pole. Derick akayafuta yote. Akasema maoni ni uchafu, yanaifanya tovuti iwe nzito. Nikamwambia kuna watu humo wana sababu zao. Akaniuliza sababu gani, na kabla sijajibu akawa ameshaweka vile vidude vyake masikioni.

Sababu moja ilikuwa Elihuruma. Huyu ni mdogo wake Anneth, rafiki yangu mwenye saluni Kijenge. Kwao ni Usa River, ukipanda juu kwenye migomba. Baba yao alipofariki, Elihuruma alitaka kuuza kipande cha shamba anunue lori, Anneth akakataa katakata. Wakagombana vibaya, mbele ya wazee, na Elihuruma akaapa: siku Anneth akifa, yeye hatakanyaga msibani kwake. Akaenda zake Tunduma kutengeneza malori ya watu, akabadilisha laini, akakata kila mtu. Lakini chini ya habari zangu za mvua alikuwa anatokea mtu anajiita Wa Mbali, anauliza, "Na huko juu Usa River imefika?" Mimi namjibu imefika, migomba iko salama, na mama yako anakusalimia. Hakuwahi kukubali kwamba ni yeye. Ila na kuuliza hakuacha. Huo ndio uzi pekee uliokuwa umebaki kati ya mama na mwanawe, na Derick akaukata kwa kubonyeza.

Jumanne moja Anneth akaja ofisini bila kitambaa kichwani, na Anneth hatembei kichwa wazi. Akakaa kwenye kile kiti. Akasema, "Mama Salwa, mama ametutoka alfajiri."

Nililia kwanza. Mama yake nilikuwa namjua. Alikuwa mwanamke wa kukupa ndizi halafu akakugombeza kwa nini huna kikapu. Tulipotulia Anneth akanishika mkono. "Sina shida na tangazo la watu. Watu watakuja tu. Namtaka Eli. Mama alikuwa anamuulizia mpaka usiku wa mwisho, anasema asizikwe Eli hayupo. Mchungaji kaweka Jumamosi. Redio tumepeleka, ila yeye na redio wapi na wapi, kutwa kwenye kelele za malori. Anasoma kwako tu. Andika isomeke, ajue ni mama."

"Niandike jina gani? La ubatizo?"

"Ndeanasia nani anamjua? Hata mchungaji ameniuliza mara mbili. Andika Mama Anneth wa Usa River. Eli akiona hivyo, atajua."

Nikafungua visanduku vya bwana mkubwa. Aina ya tukio, tanzia. Jina, Mama Anneth. Mahali, Usa River. Kuna kisanduku cha maelezo pale mwisho, kidogo, nikaminya humo kwamba mazishi ni Jumamosi na kwamba mwanawe Elihuruma popote alipo afanye haraka. Nikabonyeza. Kikazunguka, kikazunguka, kikaniandikia "Hongera, habari yako imesambaa".

Simu ya Anneth ikaanza kuita hata hajainuka. Akapokea, akasikiliza, akasema, "Mimi ndiye Anneth." Akasikiliza tena. "Mimi ndiye. Mzima." Upande wa pili mtu akapiga yowe mpaka nikalisikia mimi. Nikageuza kompyuta nitazame kilichotoka. Juu, kwa herufi kubwa: TANZIA: ANNETH, USA RIVER. Chini yake picha ya Anneth anacheka, gauni la zambarau, picha niliyoipiga mimi kwenye kitchen party ya kumfunda binti wa Ludovick, sasa imewekewa msalaba pembeni. Maelezo yangu yote yamekatwa, yamebaki "mazishi ni Jumamosi". Halafu jua la kupendeza.

Nikarudi kwenye visanduku. Kisanduku cha jina kimebaki na Anneth peke yake. Neno Mama limechukuliwa, limepelekwa kwenye kisanduku cha cheo, pamoja na Bwana, Daktari na Mchungaji, na vyeo havionyeshwi kwenye kichwa cha habari. Nikaandika upya, Mama Anneth, nikabonyeza. Kikamnyang'anya tena Mama yake, kikatuma tena kwa kila mtu. Kwa hiyo Anneth akafa mara ya pili akiwa amekaa mbele yangu, ameshika simu mbili zinazoita.

Nikampigia Derick. Wallahi nilijikaza nisimtukane. Alikuja baada ya kumaliza chakula chake, akavuta kiti, akaangalia.

"Ahaa," akasema. "Hili si kosa la mfumo. Hili ni kosa la uingizaji. Mama ni cheo, Madam Zamda. Cheo kina kisanduku chake."

"Mama si cheo. Mama Anneth ndilo jina lake."

"Hilo ni jina la mwanawe."

"Derick, mama wa watu amelala mochwari. Huyu hapa ndiye Anneth. Unamwona anapumua?"

Akamtazama Anneth, akamwambia, "Pole sana kwa usumbufu." Usumbufu. Mtu kafiwa na mama yake, na yeye mwenyewe ameuawa mara mbili kabla ya saa nane mchana, anaambiwa pole kwa usumbufu, kama aliyekatiwa umeme. Nimeishi Arusha hii na wapiga debe, madalali na wanasiasa, na sijawahi kumdharau binadamu kama nilivyomdharau yule kijana dakika ile.

Nikamwomba. Ndiyo, nilimwomba, kwa ajili ya Anneth ningempigia hata magoti. Nikamwambia atume ujumbe mmoja tu wa kawaida: aliyefariki ni mama, Ndeanasia, Elihuruma njoo. Akasema haiwezekani, taarifa zimeshachafuka, ukituma juu ya uchafu uchafu unaongezeka. Akabonyeza mahali, na Kibaraza chote kikazimika. Ukifungua unakuta karatasi nyeupe na maneno "Tunaboresha huduma zetu kwa ajili yako". Nikamuuliza itarudi lini.

"Jumatatu."

"Mazishi ni Jumamosi."

"Madam Zamda, ubora hauharakishwi." Akafunga kompyuta yake ya stika, akaondoka. Nilimpigia Ludovick akasema tumwachie mtaalamu.

Siku zile mimi na Anneth tulifanya yaliyobaki. Nililizunguka kila grupu la wasapu ninalolijua, nikaandika kwa mkono wangu, kama zamani, kwamba Anneth ni mzima na mama yake ndiye aliyefariki. Watu wakaelewa, watu wakacheka kidogo, watu wakaleta michango. Lakini Elihuruma hakuwa kwenye grupu lolote. Anneth alienda pale Usa River wanaposimama madereva wa malori, akawatajia jina la mdogo wake mmoja mmoja. Wakasema watamtafuta. Kila jioni alikuwa ananiuliza kama nadhani ameona, na mimi nilikuwa namwambia ameona. Nilijua kama ameona, basi ameona tanzia ya dada yake.

Jumamosi Usa River kulikuwa na wingu limeushika mlima Meru mpaka shingoni. Watu walijaa mpaka kwenye migomba ya jirani. Waliimba, wakamuaga mama, mstari wa kumuaga ukaisha, na Anneth akaenda kumwomba mchungaji asubiri kidogo. Mchungaji akasubiri. Akasubiri tena. Wazee wakaanza kuangalia mvua. Mwisho yule mchungaji akamwita Anneth pembeni, na nikaona Anneth anatikisa kichwa kukubali huku macho yako barabarani. Wakafunga jeneza. Wakashusha. Watoto wa kaka zake marehemu wakashika makoleo, na Anneth akatupa udongo wake, halafu akachota mwingine akatupa akasema huu ni wa Eli.

Maua yalikuwa yameshapangwa juu ya kaburi tuliposikia bodaboda. Nikamwona mwanaume anashuka kule chini na begi mgongoni, hata hela ya chenji hakungoja, anapanda kwenye migomba analia kwa sauti. Watu wakampisha. Alikuwa amekonda, mikono myeusi ya oili. Akafika kwenye maua, akapiga magoti, akaanza kusema, "Dada yangu, nisamehe, dada yangu." Hapo ndipo Anneth alipoinuka kwenye kiti.

Elihuruma akamwona. Akanyoosha mkono akamgusa shavu, kama fundi anayepima kitu kama kina moto. "Anneth?"

"Eli."

"Wewe ni mzima?"

Akamkumbatia, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, anamtikisa yule dada yake, anasema, "Nilisema sitakanyaga. Nimekanyaga, Anneth. Nimekuja." Hata waliokuwa hawajui ugomvi wao walilia. Halafu akamwachia, akavua begi, akatoa shali nyeusi nzito, mpya, bado ina karatasi ya duka. Akaanza kutafuta kwa macho kwenye viti vya akina mama wazee, kiti kwa kiti, huku uso unamng'aa.

"Mama yuko wapi? Nimemletea shali, huku juu kuna baridi. Mwambieni asilie tena, Anneth ni mzima."

Mama mmoja akajifunika uso kwa kanga. Elihuruma akamgeukia dada yake, akayaangalia maua, akamgeukia tena.

"Sasa hapa tumemzika nani?"

Anneth akamwambia.

Sitaelezea yaliyofuata, maana si ya kuelezea. Alipotulia alikuwa amekaa chini kando ya kaburi, shali imelala mapajani, na Anneth amekaa naye. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao na chupa ya maji. Na nani anatokea pale kama si Derick, miwani myeusi, amekuja na Ludovick kwenye gari lake. Akasogea karibu yangu, akaniinamia, kwa ile sauti anayodhani ni ya chini.

"Lakini umeona, Madam Zamda. Mwisho wa siku ujumbe ulimfikia."

Kwa kweli nilikuwa natafuta mahali pa kuweka chupa ili mikono yangu iwe huru. Lakini Elihuruma alikuwa amesikia. Akainuka taratibu, akatoa simu yake, kioo kimepasuka, akaifungua akamwonyesha. Picha ya Kibaraza aliyoihifadhi: Anneth na gauni la zambarau na msalaba.

"Ulinifikia siku ile ile," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Nikakaa kutwa na usiku wake nagombana na roho yangu, niende kumzika mtu niliyeapa sitamzika, au nisiende. Nikifungua nisome zaidi, nakuta mnaboresha huduma. Nilipoamua, magari yakawa yamejaa mpaka Ijumaa. Ungekuja wa mama, ningepanda gari dakika ile ile. Ningemkuta. Ningemwona uso."

Derick akavua miwani. "Pole sana, kaka. Ni changamoto ndogo kwenye kisanduku cha jina. Majina halisi yakiingizwa—"

"Mama yako yupo?" Elihuruma akamuuliza.

"Yupo. Yuko Moshi."

"Anajulikanaje huko mtaani?"

Derick akageuza miwani yake mkononi. Akamtazama Ludovick, Ludovick akawa anaangalia viatu vyake. Anneth naye alikuwa amegeuka, na akina mama wote kwenye viti wamegeuka, wanasubiri jibu.

"Mama Derick," yule kijana akasema.

Elihuruma akatikisa kichwa, akarudi akakaa, akaitandika ile shali juu ya maua.